Sanaa ya Kuchelewesha

Ukitaka kumjua Mheshimiwa, usimtazame akiwa amesimama na kipaza sauti mkononi. Hapo kila mtu anampenda, hata mimi. Mtazame muda mfupi kabla hajasimama, mikono juu ya magoti, macho chini, midomo ikicheza kidogo kidogo kama ya mpishi anayeonja chumvi. Nimemtazama hivyo kwa miaka mingi kutoka nyuma ya mahema yangu. Kazi yangu ni kukodisha mahema na viti vya sherehe hapa Gisenyi, na sidhani kuna mtu aliyevikalia viti vyangu mara nyingi kuliko yeye. Ananiita Mama Viti. Alianza kama utani, sasa nusu ya mji hawajui jina langu la ubatizo.

La kwake sitalitaja, na si kwa woga. Hapa hakuna anayelitumia. Alipokuwa mbunge tulimwita Mheshimiwa, na alipoacha ubunge tukaendelea, kwa sababu kwetu cheo hakivuliwi na koti. Siku hizi anafanya kazi ya kuzungumza na wabunge wenzake wa zamani na wakubwa wa wizarani kwa niaba ya kampuni moja ya soda na juisi. Jumatatu anapanda basi la Kigali amevaa tai, Alhamisi anarudi tai ikiwa mfukoni. Yeye husema ni mshauri. Jirani yetu fundi wa pikipiki husema ni mdomo wa kukodi. Mimi huwa nanyamaza fundi akisema hivyo, maana na mimi naishi kwa kukodisha.

Lakini kabla ya mambo ya soda, lazima nieleze alivyo kwenye harusi, kwa sababu kule Kigali hafanyi kitu ambacho hakukifanya kwanza chini ya mahema yangu.

Kwetu kijana hapewi mke kwa kuuliza tu. Kuna sherehe ya kuposa, tunaiita gusaba. Familia mbili hukaa chini ya mahema mawili yanayotazamana, na kila upande una msemaji wake. Baba wa binti hafungui kinywa. Msemaji ndiye husema "binti yangu", "nyumba yangu", "ng'ombe zangu", hata kama binti huyo amemwona kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Wageni wanaomba. Wenyeji hawakatai, wala hawakubali. Wanachelewesha. Binti yuko masomoni. Binti amekwenda utawani. Shangazi yake hajaulizwa. Tena kuna mtu wa ukoo wenu alipita hapa zamani akakanyaga maharage yetu, na neno hilo lazima liishe kwanza. Watu wanacheka, wanakunywa, na kadiri msemaji anavyochelewesha ndivyo binti anavyopanda thamani. Familia inayotoa binti haraka inaonekana inatupa.

Katika sanaa hiyo Mheshimiwa hana mwenzake kuanzia Rubona mpaka milimani Bugeshi. Nakumbuka gusaba moja karibu na bandari ya Rubona ambapo babu wa bwana harusi aliomba kupelekwa chooni, akaenda na mkongojo wake polepole, akarudi, akakuta bado hawajamaliza salamu. Mara nyingine msemaji wa upande wa pili, mzee wa watu, aliishiwa methali akaanza kurudia zilezile. Mheshimiwa alimsogelea na kumwazima moja sikioni, kisha akarudi mahali pake na kuijibu kwa nyingine kali zaidi. Hema zima lilikufa kwa kicheko, na mzee yule ndiye aliyecheka kuliko wote. Ndivyo alivyo. Anakushinda, halafu unamshukuru.

Hasemi hapana. Sijawahi kumsikia akisema hapana kwa mtu yeyote, hata kwa wauza saa wa barabarani. Husema, "Jambo lako ni zuri, na kwa kuwa ni zuri tusiliharakishe."

Alikulia Tanzania, kwa hiyo Kiswahili chake kimenyooka, na sisi tuliorudi kutoka Kongo anapenda kutusemesha lugha hiyo. Anatucheka tukisema mutu na muzuri. Dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, alikuwa akimjibu kwamba Kiswahili chake ni cha kwenye redio, chetu ni cha kupikia. Waligombana hivyo kwa furaha miaka yote, yeye akipita kwenda matembezi ya asubuhi kando ya ziwa, Yaya akifagia mbele ya mlango.

Nisije nikamchora kama mtu mbaya. Siku za umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakubwa wengine huja na viatu safi, wanashika jembe wakati wa picha. Yeye huja na buti za mpira na jembe lililolika, anaingia mtaroni, anachimba mpaka shati linamshika mgongoni. Mwaka ule volkano ya ng'ambo, upande wa Kongo, ilipotapika, ardhi ikatetemeka siku nyingi na nyumba zikapasuka, alifungua geti lake watu walale uani. Aliagiza maharage kwa masufuria makubwa. Akaagiza pia kreti za soda kutoka kampuni yake, na tulizinywa sote, watoto kwa wazee, na hakuna aliyekumbuka kuuliza kitu.

Yeye mwenyewe hazinywi. Nyumbani kwake kinywaji ni maji ya moto na tangawizi, na wajukuu wake wanapewa juisi ya matunda ya shambani isiyotiwa sukari. Fundi wa pikipiki alimuuliza siku moja mbele ya watu kwa nini. Mheshimiwa hakukasirika. Alisema mchinjaji halazimiki kula nyama, akalipa pancha, akaondoka.

Wakati wa ubunge wake alikuwa na wimbo mmoja, nao ulikuwa mituweli, bima yetu ya afya ambayo kila kaya huchangia. Alipita milima yote kuihubiri. Wengi hatukuitaka. Tulikuwa tumezoea kwamba ukiwa mzima unakula, ukiugua unauza mbuzi. Yeye alikuwa na methali yake ya Tanzania, usipoziba ufa utajenga ukuta, na aliitumia mpaka watoto wa shule walimwita Mzee Ufa. Alikuja kwetu pia. Yaya alimwambia kwamba anamwamini Mungu na majani ya mravumba tunayochemsha kama dawa, basi. Mheshimiwa hakumbishia. Alikaa kwenye jiwe la mlangoni, akauliza habari za Aline, binti pekee wa Yaya, aliyekuwa mdogo wakati huo, na baba yake amekwisha kufa. Akauliza ni majani gani yanafaa mtoto akivunjika mguu. Yaya alicheka. Wiki hiyohiyo akatuandikisha sisi sote.

Aline hakuvunjika mguu. Alipata homa ya mapafu, akalazwa, akapona, na kadi ya bima ndiyo iliyotuokoa. Toka siku hiyo Yaya alikuwa akimtaja Mheshimiwa kwenye sala za jioni, katikati ya marehemu mume wake na papa wa Roma.

Halafu Yaya akaugua yeye. Alianza kuvimba miguu, akasema ni kusimama sana. Akavimba uso, akasema ni chumvi. Alipokubali kwenda hospitali, figo zilikuwa zimechoka kabisa. Walisema itabidi damu isafishwe kwa mashine, mara mbili kila wiki, si mwezi mmoja, bali maisha yote. Na mashine iko mbali, safari ya basi la alfajiri kupanda milima. Kadi ya mituweli ililipa mwanzo tu. Baada ya hapo tulielezwa kwa upole kwamba ugonjwa wa namna hii, wa kila wiki bila mwisho, mfuko hauna uwezo wa kuubeba. Tuliuza shamba letu la viazi la Bugeshi. Nikauza hema kubwa. Nilikuwa najua kabisa kitu kinachofuata baada ya hema kubwa, na nilikuwa naogopa.

Ni wakati huo ndipo likaja pendekezo la kodi. Vinywaji vyenye sukari viongezewe kodi kidogo, na fedha hiyo iingie moja kwa moja kwenye mituweli, ili kadi iweze kulipia magonjwa mazito, figo zikiwemo. Mimi si mtu wa siasa. Kodi nikiisikia huwa nashika mfuko wangu. Lakini kodi hiyo niliipenda kama mtu anavyopenda mvua baada ya kupanda.

Redio iliita watu wawili kuijadili, daktari kijana na Mheshimiwa. Nilikuwa nikipanga sahani za sherehe, nikaziacha. Yaya alilala kwenye mkeka, sikio kwenye redio. Daktari alikuja na takwimu zake zote na hasira yake yote. Mheshimiwa alianza kwa kumpongeza. Alisema wazazi wa kijana huyu walilea. Alikubali kwamba sukari inadhuru, akakubali kwamba mituweli inahitaji fedha, akasema yeye mwenyewe aliitembeza bima hiyo kwa miguu, na hilo kila mtu alilijua. Kisha akauliza habari za mama anayeuza soda moja moja pale kwenye mpaka mdogo na Goma. Kodi ikipanda, soda ya ng'ambo itapita kwa njia za panya, na mama huyo atakaa na kreti yake mpaka jioni. Je, amefikiriwa? Vijana wa kiwandani wamefikiriwa? Na mwishoni, kwa sauti ile ninayoijua kuliko mtu yeyote mjini, akasema: "Sisi hatukatai. Tunaomba tu muda, jambo hili litazamwe vizuri. Haraka haraka haina baraka."

Hakusema uongo hata mmoja, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Mama wa soda namjua, ananunua maji kwenye bomba langu. Ningependa kumchukia Mheshimiwa kwa uongo wake, ingekuwa rahisi. Lakini nilikuwa nimemsikia akisema maneno hayohayo, kwa mpangilio huohuo, sifa kwanza, kukubali pili, shangazi ambaye hajaulizwa tatu, na mwishoni kuomba muda. Ilikuwa gusaba. Tofauti ni kwamba binti anaweza kusubiri mpaka jioni akapata thamani zaidi. Figo hazijui mchezo huo.

Yaya alizima redio. Nikamuuliza anaonaje. Alisema, "Amesema muzuri sana," na hakuwa anadhihaki.

Pendekezo likaahirishwa. Halikukataliwa, likawekwa litazamwe vizuri. Nilianza kumkwepa Mheshimiwa njiani. Aliponiita Mama Viti nilijibu kwa kichwa tu.

Alikuja nyumbani Jumapili moja baada ya misa, ana mfuko wa machungwa. Alikaa palepale karibu na jiwe la mlangoni, ila sasa tulimletea kiti. Alisema amesikia habari za ugonjwa, amezungumza na mkewe, na wao wawili watalipa mashine ya Yaya na nauli yake, kila wiki, kimya kimya, bila mtu kujua. Baadaye nilikuja kujua kwamba kuna familia kadhaa huko Rugerero ambazo analipia mchango wa mituweli kila mwaka, naye hajawahi kulisema hilo popote. Siku ile nilimtazama Yaya nikimwomba kwa macho asije akaleta kiburi.

Yaya alimshukuru kwa Kinyarwanda, kwa mikono miwili, inavyotakiwa. Kisha akarudi kwenye Kiswahili chake cha kupikia.

"Muheshimiwa, pale kwa mashine tunalalaka batu ine. Iko mwalimu wa Rugerero, iko mama anauzaka samaki ya sambaza, iko kijana mumoja anabebaka batu na pikipiki. Na bale utabalipia?"

"Mama Aline, siwezi kuwalipia watu wote."

"Bon. Kodi ingeweza."

Alitabasamu, akamenya chungwa, akampa nusu. Alisema kodi ni jambo refu lenye pande nyingi, na mgonjwa hapaswi kujichosha nalo. Yaya alikula chungwa lile polepole, kisha akasema anachukua msaada wake, hana namna nyingine, na Mungu atamlipa. Akaongeza kwamba asifikiri vitu hivyo viwili ni kitu kimoja. Mheshimiwa alikubali kwa kichwa. Sijui kama alielewa au kama ilikuwa ile namna yake ya kukubali.

Kwa hiyo ndivyo tulivyoishi. Damu ya Yaya ilisafishwa kwa mshahara wa soda. Kila Jumanne na Ijumaa nilimsindikiza kwenye basi nikimshukuru mtu niliyemkasirikia, na simwombei mtu yeyote hali hiyo. Huwezi kumtukana mtu anayekulipia pumzi, wala huwezi kumpenda. Nilimrudishia salamu zake zote na nikamkodishia viti kwa bei ya chini, kisha usiku nikajichukia kwa kila senti niliyopunguza.

Kisha kitanda cha mwalimu wa Rugerero kikawa kitupu. Alianza kuja mara moja kwa wiki badala ya mbili, kisha akakaa wiki nzima bila kuonekana, kisha wauguzi wakatandika shuka mpya. Yaya alirudi siku hiyo akakaa jikoni na viatu vyake miguuni. Alisema mwalimu alikuwa akiwafundisha nyimbo za shule, wakiwa wamelala pale na mirija mikononi, na wimbo wa mwisho hawakuumaliza.

Aline alipochumbiwa tulianza kutafuta msemaji wa upande wetu. Nilikuwa na majina. Yaya alisikiliza majina yote, akasema anamtaka Mheshimiwa. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilisema kama mtu huyo atasimama chini ya hema langu akiita Aline binti yangu, nitalikunja na watu wakiwa ndani. Yaya alisubiri nimalize.

"Baba yake hayuko. Mi sina sauti. Nataka mutu asimame mahali yangu," alisema. "Na nataka akuje hapa kwanza, nimuambie yenye atasema."

Maana ndiyo desturi. Msemaji huja siku chache kabla, anakaa na familia, anaelezwa wao ni akina nani, ili siku ile aseme kama mmoja wao. Mheshimiwa alikuja akiwa na furaha ya kweli. Alikuwa na mipango tayari. Angesema Aline amekwenda kusomea urubani. Angeleta shangazi bandia kutoka Bugeshi anayedai ng'ombe aliyepotea zamani. Alisema watu wa upande wa pili wana msemaji hodari, mfanyabiashara wa mbao kutoka Musanze, na atamzungusha mpaka jua lipoe.

Yaya alikuwa ametoka kwenye mashine jana yake. Mkono unaochomwa sindano za mashine ulikuwa umefungwa bandeji. Alimwacha afurahi, kisha akasema, "Usicheleweshe."

Mheshimiwa alidhani hakusikia vizuri.

"Mi sitaweza kukaa kwa kiti masaa yote ile," Yaya alisema. "Nikianguka mbele ya bageni itakuwa haya ya mutoto yangu. Bakiomba, sema ndiyo. Ile ile saa."

Mheshimiwa alimweleza kwa upole, kama mtu anavyomweleza mgeni, kwamba haiwezekani. Watu watasema binti ana kasoro. Watasema nyumba ina njaa. Msemaji anayesema ndiyo mara moja hajawahi kuonekana, na yeye ana jina lake la kulinda. Yaya alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba msemaji hasemi la kwake, anasema alilotumwa, na yeye ndiye anayemtuma. Mheshimiwa alitazama ile bandeji. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai, na nilimwona akikosa pa kuyaweka macho.

"Sawa, Mama Aline," alisema. "Umenituma."

Siku yenyewe jua lilikuwa zuri, ziwa limetulia, na mahema yangu mawili yalitazamana kama kawaida, ingawa lile kubwa nililiazima kwa mwenzangu aliyelinunua. Yaya alivaa mushanana wa rangi ya maziwa, tukamweka kwenye kiti chenye mito. Mfanyabiashara wa mbao alisimama akatuamkia kwa maneno ya kupendeza kweli, akasema wameona ua katika nyumba hii na wanaomba ruhusa ya kulipanda kwao. Akakaa, akafuta paji la uso, akajiandaa kwa vita.

Mheshimiwa alisimama. Midomo ilicheza kidogo. Hayo yote yalisemwa kwa Kinyarwanda, na kwa Kiswahili yangekuwa hivi: "Mmeomba. Tumesikia. Tumekubali." Akakaa.

Watu walicheka, wakijua ndio mwanzo wa mchezo. Wakangoja. Kicheko kikaisha polepole, na nikasikia mtu akiweka chupa chini. Yule wa mbao alisimama tena, maskini, ana methali zake zote kifuani na hakuna pa kuzitupa. Alisema, "Lakini hamjatuuliza tumetoka wapi." Mheshimiwa akajibu akiwa amekaa kwamba tutawauliza wakishakuwa watoto wetu. Hapo hema likalipuka kwa makofi, vijana hasa. Shangazi zangu hawakupiga makofi. Mmoja alisema waziwazi kwamba mtoto ametupwa. Yaya hakuwatazama. Alikuwa akimtazama Aline anavyotoka ndani na wenzake, na alikaa wima mpaka mwisho wa yote, mpaka ng'ombe wakatajwa na zawadi zikatolewa, na hakuanguka.

Wakati wa chakula Mheshimiwa alikuja nyuma ya hema nilipokuwa nasimamia sahani. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Alichukua kitambaa changu cha kufutia vikombe, akajifuta nacho bila kuomba.

"Mama Viti, leo nimeliua jina langu," alisema. Lakini alikuwa akicheka, mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Nilikuwa nimepanga kumshukuru tu. Nilifikiria basi la Jumanne na mashine ya Jumanne, na nani anailipia. Na bado maneno yalinitoka.

"Kumbe unajua kusema ndiyo. Na kule Kigali?"

Kicheko kiliondoka usoni mwake, si kwa hasira. Alikunja kile kitambaa vizuri, pembe kwa pembe. Aliniambia kwamba hapa alitumwa na dada yangu, na kule ametumwa na wengine. Ndiyo kazi. Leo angetumwa na kampuni ya maji angesifu maji. Alisema watu wanamwona kigeugeu, lakini yeye tangu ujana wake hajabadilika hata siku moja, amesema vizuri la kila aliyemtuma. Nilimwona anaamini hivyo kabisa, na nilimhurumia, jambo ambalo sikulitegemea.

"Na sisi, bagonjwa, tunatuma nani?" nilimuuliza.

Nadhani hakuwa amewahi kuulizwa. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mahemani, "Basi nitumeni. Mwenye shida na anitume, nitakwenda kusema lake."

Nilimshika mkono wa koti, mbele za watu, nikamvuta mpaka kwenye kiti chenye mito. Yaya alikuwa ameegemeza kichwa, mpiga picha anapanga familia za pande zote mbili. Nilimwinamia nikamwambia kwamba Mheshimiwa anaomba amtume Kigali, kwa ile habari ya kodi. Aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Alimtazama Mheshimiwa kwa upendo, nasema kweli, kwa upendo uleule wa miaka ya ufagio na matembezi.

"Nilishakutuma, Muheshimiwa," alisema. "Siku ile nilikupigia kura."

Mheshimiwa alivuta kiti changu kimoja, akakaa mbele yake, mikono juu ya magoti, macho chini, midomo ikicheza kidogo. Mpiga picha aliita. Yaya akafumba macho, apumzike kidogo wakati watu wakijipanga.